"Loathe" au "loath": mwongozo kamili kwa wanaoendelea kukosea

Sentensi inayonirudia kila msimu wa barua za kuomba kazi ni hii: "I am loathe to leave my current employer." Mwandishi alitaka kusema anaona uzito kumwacha mwajiri wake. Akaweka kitenzi cha kuchukia mahali ambapo sarufi inadai kivumishi cha kusita. Programu ya tahajia mara nyingi haimwonyi mtu hapo, kwa sababu "loathe" ni neno halali. Limekaa tu kwenye kiti cha mwenzake.

Nimelieleza jambo hili kwa ufupi mara nyingi, na ufupi haujasaidia. Watu wanasoma, wanaitikia, wakienda kuandika wanarudia kosa lilelile. Kwa hiyo leo tunakwenda hatua kwa hatua, na kila hatua ina kitu cha kufanya kwa mkono au kwa mdomo. Asili ya maneno haya tunaiacha. Haitakusaidia kupata alama wala kazi.

## Vitu unavyohitaji

- Daftari na kalamu. Sentensi utaziandika kwa mkono. Kibodi ya simu hupenda kukumalizia neno kabla hujaamua unataka lipi.
- Kamusi moja ya Kiingereza kwa Kiingereza. Oxford Advanced Learner's Dictionary inatosha. Jaribu kwa wauza vitabu wa kando ya barabara katikati ya jiji la Nairobi, wale wa kuinama na kuchagua. Toleo la zamani halina ubaya.
- Simu yenye bando kidogo. Tovuti za kamusi za Oxford na Cambridge zina kitufe cha spika, bila malipo, cha matamshi ya Uingereza na ya Marekani.
- Koo lako. Si mzaha. Hatua ya pili haifanyiki bila koo.
- Orodha yako mwenyewe. Andika kwa Kiswahili mambo matano unayoyachukia kikweli, na matano unayosita kuyafanya. Yaandike sasa, kabla hujashuka chini. Anayeruka hapa ndiye anayerudi baadaye kuuliza swali lilelile.

## Hatua ya 1: Amua kwa Kiswahili kwanza

Kwa Kiingereza maneno haya mawili yanafanana kama pacha. Kwa Kiswahili maana zake hazina hata udugu, na hiyo ni faida yako.

"Loathe" ni kitenzi. Maana yake ni kuchukia mno, na ndani ya chuki hiyo mna kinyaa: ukikiona kitu, tumbo linageuka au roho inakataa.

"Loath" ni kivumishi. Humweleza mtu anayesita, asiyetaka, anayeona uzito kufanya jambo fulani. Chuki si lazima iwepo. Mama ambaye mtoto wake mgonjwa amepata usingizi alfajiri anaona uzito kumwamsha ampe dawa. Yeye ni "loath to wake him", na anampenda kuliko kitu chochote.

Rudi kwenye orodha yako. Kando ya kila sentensi andika K kwa kinyaa au S kwa kusita. Kwa mfano:

- Nachukia kelele za matatu usiku wa manane. K
- Naona uzito kuhama mtaa wa Umoja kabla shule hazijafungwa. S
- Siwezi kabisa harufu ya omena (dagaa) ikikaangwa kwenye korido ya ploti. K
- Nasita kumdai rafiki yangu pesa aliyonikopa. S

Zitakuwepo sentensi za katikati. "Sitaki kupanda matatu ya mwisho" ni K au S? Jiulize unazungumzia nini: kitu jinsi unavyokiona, au tendo ambalo bado hujalitenda? "Loath" daima huelekea kwenye tendo. Ukisema hutaki kwa sababu unaogopa kufika usiku, hiyo ni S. Ukisema kwa sababu matatu ya saa hizo zina uvundo wa muguka, yale majani ya kutafuna, na jasho, hiyo ni K.

Tahadhari. Usianze na neno la Kiingereza halafu ulitafutie maana. Ukianza hivyo utachagua kwa macho, na macho ndiyo yanayodanganya hapa.

Umefaulu ukiona kila sentensi ina herufi moja tu kando yake na huna wasiwasi nayo.

## Hatua ya 2: Tafuta sauti mbili kooni

Hatua hii ndiyo ndefu, na ndiyo inayorukwa na wengi kwa sababu wanadhani tatizo lao ni la maandishi. Tatizo ni la sikio. Anayezisikia sauti mbili haandiki neno moja badala ya jingine.

Kiswahili kinakupa hapa kitu ambacho maandishi ya Kiingereza hayana. Kiingereza huandika "th" kwa sauti mbili tofauti na kumwachia msomaji kubahatisha. Sisi tunaandika "th" kwa moja na "dh" kwa nyingine. Basi:

- "Loathe" huishia na dh, ile ya dhahabu, adhabu na fedha.
- "Loath" huishia na th, ile ya thamani, thelathini na methali.

Fanya hivi. Weka vidole viwili kooni. Tamka "fedha" polepole na usimame kwenye dh kabla ya kufika kwenye a. Ivute: fedhhhh. Vidole vitahisi koo likitetemeka. Sasa tamka "methali" na usimame kwenye th: methhhh. Koo limetulia, kinachotoka ni hewa tupu kati ya ulimi na meno.

Sasa weka mwanzo wa neno lenyewe. Silabi ni moja tu, na irabu yake huteleza kutoka o kwenda u, kwa hiyo mwanzo ni "lou". Msisome "lo-a-the" kwa silabi tatu kama tunavyosoma Kiswahili. Tamka "loudh" kwa kitenzi, "louth" kwa kivumishi. Rudia kwa zamu ukiwa na vidole kooni.

Nairobi ina ugumu wake. Mtu aliyekulia kwenye Gikuyu amezoea kwamba "th" ya kuandikwa ndiyo dh ya kutamkwa. Msikilize nyanya wa Kiambu akisema "Thika". Kwake "loathe" hutoka vizuri bila jasho, na "loath" ndiyo inayomponyoka, kwa sababu ulimi unataka kutetemesha kila th inayouona. Mjaluo hana shida hii. Dholuo ina zote mbili na inaziandika tofauti, na jina la lugha yenyewe linaanza na mojawapo. Wengine, ambao lugha zao hazina hata moja, husema "feza" au "feda". Ikiwa wewe ni wa kundi hili, anza na ulimi kabla ya koo: toa ncha yake ionekane kidogo kati ya meno, jitazame kwenye kioo, kisha pitisha hewa. Bila ulimi kuonekana, utapata z au d, na hakuna koo litakalokuokoa.

Ukifungua kamusi utaona alama mbili ndani ya mistari ya matamshi. Ile inayofanana na d iliyopinda na kukatwa kwa kijistari juu, ð, ni dh yetu. Ile ya duara iliyofungwa mkanda katikati, θ, ni th yetu. Zikariri hizo mbili, nyingine zinaweza kusubiri.

Tahadhari. Usifanye zoezi hili kwa kunong'ona, kwa mfano ukiwa ndani ya matatu na hutaki abiria wakushangae. Mnong'ono huondoa mtetemo wa koo, kwa hiyo dh na th hugeuka kuwa karibu kitu kimoja. Fanya nyumbani kwa sauti kamili.

Jambo jingine: kamusi za Kimarekani hukubali "loath" itamkwe pia kwa dh. Ukimsikia Mmarekani kwenye filamu akisema hivyo, hajakosea. Wewe shika tofauti, hasa kama una mtihani. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya), yenye alama 60, ina sehemu ya stadi za kusikiliza na kuzungumza inayojibiwa kwa maandishi, na maswali ya sauti zinazokaribiana ni ya kawaida humo.

Umefaulu ukiona mtu aliyefumba macho anaweza kusema ni neno lipi umetamka, kila mara, bila kukuangalia mdomo.

## Hatua ya 3: Funga sauti kwenye herufi e

Sasa sauti iingie kwenye kalamu. Kanuni ni fupi: ukisikia dh, andika e mwishoni, na neno ni kitenzi. Si maneno haya mawili tu yanayofuata njia hii:

- "breath" ni pumzi. "Breathe" ni kupumua
- "bath" ni josho. "Bathe" ni kuoga
- "cloth" ni kitambaa. "Clothe" ni kuvisha
- "teeth" ni meno. "Teethe" ni kuota meno kwa mtoto

Kila safu ya kushoto haina e mwishoni na inaishia na th. Kila safu ya kulia ina e mwishoni, sauti yake inaishia na dh, na ni tendo. Ziandike zote daftarini kisha uongeze ya tano: "loath" ni mwenye kusita, "loathe" ni kuchukia kwa kinyaa.

Zipo zinazovunja mpango. "Smooth" haina e mwishoni na bado inatamkwa kwa dh. Usihangaike nayo, iandike pembeni kama mgeni na uendelee.

Kipimo cha haraka ukisahau kanuni: jaribu kulipeleka neno lako wakati uliopita. Kama inawezekana kusema "loathed", basi ni kitenzi na linahitaji e. "Loath" haliendi wakati uliopita, haliongezi s, halifanyi lolote peke yake. Linategemea "am", "is", "was" au "seem".

Umefaulu ukiona unaweza kuandika jozi zote tano bila kutazama, huku ukizitamka.

## Hatua ya 4: Jenga sentensi

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na karibu yote yanatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Kwanza miundo sahihi.

"Loathe" ina miundo mitatu ya kutegemewa.

Kwanza, kitenzi na nomino: "I loathe the smell of burning rubbish."

Pili, kitenzi na neno lenye -ing: "She loathes waking up before dawn."

Tatu, "it when" na sentensi nzima: "I loathe it when fares go up because of rain." Msiiache hiyo "it". Kwenye mazungumzo watu huiangusha, lakini kwenye maandishi ya mtihani au ya ofisi irudishe.

"Loath" ina muundo mmoja: "be", kisha "loath", kisha "to", kisha kitenzi kitupu. "I am loath to move house before the schools close." Basi.

Sasa makosa.

"I loathe to queue." Kiswahili husema "nachukia kupanga foleni". Tunaona ku- na mkono wenyewe unaandika "to". Tena "hate" linaturuhusu: "I hate to queue" ni sahihi kabisa, kwa hiyo tunadhani ndugu yake mkubwa atakubali pia. Hakubali. Baada ya "loathe" andika -ing: "I loathe queuing."

"I am loathing this traffic." Kosa hili linatoka kwenye -na-. "Ninachukia" tunaigeuza "I am" na -ing. Lakini "loathe" ni hali ya moyo kama "know" na "believe", haimo kwenye kundi la vitendo vinavyoendelea mbele ya macho. Hata ukiwa umekwama Mombasa Road kwa saa mbili na gari halisogei, sema "I loathe this traffic."

"I loathe him too much." "Too much" yetu ya Nairobi ina maana ya sana. Shida ni kwamba "sana" tayari imo ndani ya "loathe". Kuiongeza kunapunguza nguvu. Ukitaka kukazia, tumia "absolutely": "I absolutely loathe it." Na kamwe usiandike "I very loathe".

"Am loath to pay." Hapa "loath" iko salama, kilichopotea ni "I". Jiji zima limezoea kuandika "Am" mwanzoni mwa sentensi, kwenye simu na hata kwenye barua rasmi. Andika "I am" au "I'm". Msomaji mkali ataishia hapo kabla hajafika kwenye neno ulilolihangaikia.

"I loathe of him", "I loathe with that". Kitenzi hiki hakina kihusishi. Kinashika mtendwa wake moja kwa moja.

"My mother loathe." Weka s. Hili unalijua.

Chukua orodha yako. Zile za K zigeuze kuwa "loathe" na nomino au -ing. Zile za S zigeuze kuwa "be loath to". Soma kila moja kwa sauti: kama koo linatetemeka mwisho wa neno na hakuna "to" baada yake, umo njiani. Kama koo limetulia na "to" inafuata, umo njiani vilevile.

Umefaulu ukiona sentensi kumi zimesimama na hakuna hata moja yenye "loathe to".

## Hatua ya 5: Pima uzito kabla ya kulitumia

Sarufi ikishakuwa sawa, kuna swali jingine: je, neno hili ndilo? Kiingereza kina ngazi ya kuchukia, na kila kidato kina mahali pake.

"Dislike" ni kutopenda, kwa adabu. "Hate" ni chuki ya kila siku; hutumika kwa mvua, kwa adui na kwa mboga. "Detest" ni chuki kali yenye suti. "Despise" ina dharau ndani yake: humwoni mtu kuwa kitu. "Abhor" ni chuki ya dhamiri, ya maovu. Na "loathe" ni chuki inayoingia mwilini.

Tofauti ya hizi mbili za mwisho inaonekana vizuri kwenye Biblia ya King James ya 1611, ambayo Wakenya wengi wanaijua kwa kusikia. Warumi 12:9 inasema "Abhor that which is evil". Uovu unachukiwa kwa dhamiri. Lakini Waisraeli waliochoka na mana, kwenye Hesabu 21:5, wanalalamika "our soul loatheth this light bread". Mana haikuwa dhambi. Nafsi zao zilikuwa zimekinai, kila siku chakula kilekile, hadi kukitazama tu ikawa shida.

Kwa hiyo ukiulizwa kwenye mahojiano unaonaje rushwa, "I abhor corruption" inakaa vizuri. "I loathe corruption" si kosa, ila inasikika ya mtu aliyeumizwa nayo yeye mwenyewe, aliyewahi kuzungushwa na karani mpaka akalia. Kama hiyo ndiyo hali yako, itumie.

"Hate" ina kazi moja ambayo "loathe" haiwezi: kusimama kama nomino na kubandikwa mbele ya neno jingine. Kila uchaguzi ukikaribia tunasikia redioni juu ya "hate speech", kosa lililowekwa kwenye Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008. Hakuna "loathe speech" na haitakuwepo.

Tahadhari. Usichukie kila kitu kwa "loathe". Nimesoma insha ambamo mwanafunzi, katika aya moja, ana-loathe Jumatatu, sukuma wiki, tai ya shule na mwalimu wa zamu. Kufikia mwalimu wa zamu nilikuwa siamini tena. Moja kwa insha inatosha, na iwe juu ya kitu ambacho unaweza kukionyesha.

Umefaulu ukiona umeweza kuiondoa "loathe" kwenye angalau sentensi mbili za orodha yako na kuweka "hate" au "dislike" bila kuhuzunika.

## Hatua ya 6: Watoto wa neno

Wawili tu wanatosha.

"Loathing" ni nomino, chuki yenyewe: "He looked at the rat with loathing." Kihusishi chake huwa "for" au "of". "Self-loathing" ni kujichukia nafsi.

"Loathsome" ni kivumishi cha kitu kinachotia kinyaa. Tazama tahajia: haina e katikati, ingawa maana yake iko upande wa kitenzi. Na uangalie unamweleza nani. Aliyeandika "I am loathsome of this job" alikusudia kusema kazi inamchukiza. Alichotangaza ni kwamba yeye mwenyewe anatia kinyaa.

## Hatua ya 7: Chagua mahali

Barua ya kuomba kazi. Usiandike "loathe" hata kidogo. Anayeajiri anataka kujua unachoweza, na chuki zako si habari yake. Hata "loath" ningeiacha na kuweka "reluctant", ambayo ina maana ileile na haimpi mtu nafasi ya kushuku tahajia yako. Najua ni ajabu kusema hivyo kwenye mwongozo wa neno lenyewe, lakini kujua neno ni pamoja na kujua lisipotakiwa.

Barua kwa mwenye nyumba au keyateka, yule msimamizi wa ploti. Maji yamekatika na unataka kusema unasita kulipa kodi yote. "I am reluctant to pay the full rent until the water is back" inasikika ya mtu mtulivu. "I am loath to pay" ni sahihi, na ina ukavu wa kiofisi unaoweza kukufaa kama mmeandikiana mara kadhaa bila mafanikio. "I loathe paying" inabadilisha maana kabisa: sasa umesema unachukia kulipa kodi kwa jumla, na hiyo itahifadhiwa.

WhatsApp. "Hate" inatosha.

Insha na hadithi. Hapa ndipo "loathe" linapolipa. Siri yake ni kwamba linataka ushahidi wa mwili mara moja baada yake. Linganisha sentensi hizi mbili:

"She loathed her new school very much."

"She loathed the green sweater, the way its damp collar rubbed her neck on July mornings."

Ya kwanza inadai tu. Ya pili ina sweta bichi lililokosa kukauka kwenye baridi ya Julai, na kila aliyesoma bweni anajua kola hiyo inavyokwaruza. Sasa neno zito lina kitu cha kulibeba. Ukikosa kitu kama hicho cha kuweka baada ya "loathed", andika "disliked" uende mbele.

## Hatua ya 8: Kagua kabla ya kutuma

Kwenye kompyuta, iwe yako au ya saiba (duka la intaneti), fungua kisanduku cha kutafuta na uandike "loath" bila e. Kitakuletea zote: "loath", "loathe", "loathing", "loathsome". Kwa kila moja tazama pande mbili.

Kushoto kuna "am", "is", "are", "was", "were" au "seem"? Kulia kuna "to" na kitenzi? Ukipata zote mbili, ondoa e. Ukikosa "to" upande wa kulia, karibu kila mara e inabaki.

Kisha jipime. Jaza nafasi hizi daftarini kabla ya kushuka kwenye majibu.

1. My neighbour ____ the smell of omena.
2. We were ____ to wake the watchman.
3. The cruel prefect was ____ by the whole dormitory.
4. I ____ standing all the way to Githurai.
5. She seems ____ to sign the agreement.
6. He stared at the blocked drain with ____.
7. I ____ to tell you this, but the deposit is not refundable.

Majibu

Ya 1 ni "loathes", pamoja na s. Ya 2 ni "loath": kushoto kuna "were", kulia kuna "to". Ya 3 ni "loathed". "Was" isikutishe, kwa sababu kulia kuna "by", na prifekti ndiye anayechukiwa. Ya 4 ni "loathe", kwa kuwa inafuatwa na -ing. Ya 5 ni "loath". Ya 6 ni "loathing".

Ya 7 ni mtego. "I loathe to tell you" ni kosa, na "I loath to tell you" ni kosa kubwa zaidi, kwa maana haina kitenzi. Ama uongeze "am" uandike "I am loath to tell you this", ama uandike kama watu wanavyosema, "I hate to tell you this". Na kama ni deposit ya nyumba yangu, nipigie simu, usiniandikie.